Nakwenda Kukataliwa, Shangazi

Shangazi yangu,

Najua ungenikatiza hapa hapa: "Anza na salamu, mwana huna adabu wewe!" Haya, salamu. Sisi tu wazima. Mjukuu wako Latifa ni mzima, anasoma, na bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Mvua ya London ni ile ile uliyoizoea kuitukana. Wewe sikuulizi hali. Nakuombea tu kila nikimaliza kusali, kaburi lako liwe pana na lenye nuru.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwako, Thamesmead. Halmashauri wanataka funguo za fleti, nami nimekuja kufungasha. Kanga nimemaliza, sufuria nimemaliza. Kitabu chako cha Katiba nimekikuta pale pale pa siku zote, baina ya mkebe wa hiliki na chupa ya samli, kina alama za vidole vyako vya mafuta. Mwanzo nilicheka. Kisha nikakaa kitako sakafuni nikalia mpaka nikachoka. Nikanyanyuka, nikabandika chai, maana nina jambo la kukwambia na sikutaka kukwambia huku nalia.

Jambo lenyewe ni kesi yako.

Unaijua kuliko mimi, lakini niache niisimulie tena. Tangu ufe nimeshaisimulia kwa watu wengi, na kila nikiisimulia naona kitu ambacho mwanzo sikukiona. Ulipoacha kazi ya kupika skuli, ulianza kukaa nusu ya mwaka hapa na nusu ya mwaka Pemba, kwenye nyumba uliyojijengea jirani na mikarafuu ya babu. Paspoti yako ni ya Tanzania, hukuwahi kushika nyengine miaka yote hii tangu ulipotoka kule msichana mdogo baada ya Mapinduzi. Jina lako lilikuwamo katika daftari la wapiga kura la shehia yetu, na kura ukipiga. Kisha uchaguzi ukiwa unakaribia, kanuni ikabadilishwa: anayetaka kubaki daftarini awe amekaa pale miaka kadhaa mfululizo bila ya kutoka, na sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani, amthibitishe.

Ukaenda kujiandikisha upya. Ubavuni mwa karani alikuwa amekaa sheha, yule yule ambaye kila mwaka ulimpelekea mama yake dawa za presha kutoka huku. Ulipofika penye meza ukabisha hodi kama mtu yeyote aliyelelewa akaleleka: "Hodi wenyewe! Mgeni wenu nimefika." Nani kwetu habishi hodi hivyo akitoka safari? Hata mwenye nyumba husema hivyo mlangoni kwake mwenyewe, akacheka na wanawe. Sheha akainamisha macho. "Wewe nakujua, Bi Asya," akakwambia. "Lakini hapa nimekalia kiti cha watu." Jina lako likafutwa.

Hukugomba pale. Ulikwenda Unguja kwa yule wakili kijana, Rukia, ukamwambia unataka kushtaki, na unataka ianze leo. Hoja yenu ilikuwa nyepesi hata mimi niliielewa: Katiba imempa raia mtu mzima haki ya kupiga kura, na kanuni haiwezi kuja kuipunguza haki hiyo kwa mlango wa nyuma. Wewe uliisema kwa namna yako. "Kanuni ni mtoto wa sheria, sheria ni mtoto wa Katiba. Tokea lini mtoto akampangia bibi yake pa kulala?"

Kisha ikaja siku ile mahakamani. Mwanasheria wa upande wa pili akasimama na karatasi ya karani, akasoma kwa utulivu kabisa: mlalamikaji mwenyewe, alipofika kwenye meza, alijitambulisha kuwa ni mgeni. Yule karani alikuwa ameiandika hodi yako, Shangazi! Ulinipigia simu jioni yake na sauti yako sikuitambua. "Zuhura, nimeponzwa na adabu! Adabu aliyonifunza mama yangu, leo wameisimamisha shahidi dhidi yangu." Nikajaribu kukutuliza, ukazidi kupanda. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimelishika kabla sijaota meno ya utu uzima. Mgeni gani mimi?"

Nilicheka, nawe ukacheka baadaye, lakini ilikuchoma. Najua ilikuchoma kwa sababu uliporudi huku uliizungumza hata mbele ya daktari.

Unaikumbuka siku tuliyopiga kura hapa Thamesmead, wewe na mimi, kabla sijahamia Tooting? Ndiyo kwanza walikuwa wameanza kudai kitambulisho chenye picha, nawe ulikesha na wasiwasi kwamba huku nako watakufuta. Ukavaa baibui lako jipya na viatu vya Idi. Kwenye ukumbi wa skuli yule mama wa mezani akaichukua paspoti yako ya Tanzania, akakutazama uso, akapitisha rula kwenye orodha, akakupa karatasi. Basi. Hakuna aliyekuuliza ulikuwa wapi mwaka jana. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali, anapiga kura hapa. Ulipotoka nje ulisimama kwenye uzio ukanishika mkono. "Hiki kitabu kimoja," ulisema, ukiipunga paspoti hewani. "Kwa Mwingereza kinanitosha, kwa watu wangu hakinitoshi." Nilitaka kukukumbatia, ila ulikuwa umekasirika mno kukumbatiwa.

Halafu kifua kikakushika, ukaenda hospitali na mkoba mdogo, ukasema unarudi Ijumaa. Hukurudi.

Tumekuzika huku huku, kama ulivyousia: "Nikifia Pemba nizikeni Pemba, nikifia London msinisafirishe kama furushi." Nilitii. Lakini nikuambie ukweli, Shangazi, nilipokuwa natupa udongo nilimfikiria yule mwanasheria. Nilisema moyoni, sasa atasema hata kaburi lake liko ugenini. Nikamkasirikia mtu ambaye hakuwapo na hakuwa amesema chochote. Astaghfirullah.

Pemba walikuwekea matanga nyumbani kwako, siku zote tatu. Kaka Hamadi, aliyebaki kule kwetu, alinihadithia kwa simu. Unajua nani aliyefika wa kwanza? Sheha. Alifungua milango na madirisha, akatandika mikeka, akachota maji, kisha akasimama kizingitini anapokea watu: "Karibuni, poleni, piteni ndani." Kwetu anayesimama pale ni mwenyeji, mgeni hakaribishi wageni. Watu walitoka mpaka vijiji vya jirani kuja kukusomea hitima, nyumbani kwako, katika mtaa ambao karatasi zinasema hukuwa ukikaa. Rukia aliposikia akamfuata sheha amwombe aje aseme mahakamani alichokifanya. Alimjibu kwa upole, "Mambo ya msiba tuyaache msibani." Mimi sikumchukia. Ana watoto, na kile kiti bado amekikalia.

Sasa sikia lililonileta. Rukia alinipigia simu wiki chache baada ya arubaini yako. Kesi, alisema, uliifungua kwa haki yako wewe, na wewe hupo. Mahakama imetoa muda: apatikane mlalamikaji mwengine, raia, aliyefutwa kwa kanuni ile ile katika shehia ile ile, la sivyo faili litafungwa. Wapo wengi waliofutwa, lakini waliopo kule wanaogopa, na tulioko huku wengi wetu tulishachukua uraia wa Mwingereza zamani. Aliyebaki na paspoti ya Tanzania, ambaye jina lake lilikuwamo na likafutwa, ni mimi. Nilipiga kura mara moja tu, kabla hujaniita huku. Nilipofutwa sikwenda hata kuuliza.

Nawe unajua nilikuwa nangoja nini. Barua ilikuwa imeshafika: nihudhurie kwenye ukumbi wa halmashauri, niape, nikabidhiwe uraia. Miaka nimeutafuta. Niliufanyia mtihani, ukanicheka kwa kukariri majina ya wafalme huku nikisonga ugali. Nilitaka nipite uwanja wa ndege bila ya kutetemeka. Nilitaka nilale bila ya kuota nimepoteza karatasi zangu. Lakini sheria ya kwetu haimruhusu mtu mzima kushika nchi mbili. Ukiinua mkono kwa ya pili, ya kwanza umeiacha. Nikiapa, mimi si raia tena, na kesi yako imekufa.

Nilikwenda kazini, kwenye duka la dawa pale Tooting, nikampa mteja dawa ya mtu mwengine. Bwana Kantilal, tajiri wangu, mtoto wa Mwanza, akaninyang'anya mfuko mkononi, akaniuliza, "Bibi Zuhura, leo una nini?" Nikamwambia yote. Akatafakari, akasema: "Mimi nilichukua ya Mwingereza siku ya kwanza, na sikujuta. Watoto wamesoma, nimelala usingizi. Ila nikisikia habari za Mwanza, nikikasirika, sina wa kumgombeza. Nazima redio tu." Kisha akaenda zake kuhesabu vidonge.

Latifa ndiye aliyenisema. "Mum, just take it! Umesubiri muda wote huu. Auntie's gone, Mum." Nikamwambia najua kwamba umekufa, nilikukosha kwa mikono yangu.

Na Kaka Hamadi naye alinipa la kwake, ambalo ndilo lililoniuma zaidi kwa kuwa lina ukweli ndani yake. "Nyinyi mnakuja, mnapiga kura, mnapanda ndege," alisema. "Sisi tunabaki na tuliowachagua. Kwa nini sauti yenu iwe sawa na yangu?" Bado sina jibu zima. Labda watu wakiulizwa watasema kama Hamadi, na hapo nitakubali kushindwa. Lakini waulizwe! Kama mnataka kuibadilisha Katiba, ifungueni mbele ya watu, mchana, muijadili. Musiache Katiba inasema hivi ukutani, halafu kanuni ikasema vyengine mezani, na bibi wa watu akafutwa kwa sababu amebisha hodi. Nilimwambia hivyo. Alivuta pumzi, akasema, "Umeshakuwa Asya wewe." Sikujua kama ni sifa au ni tusi, nikaichukua.

Basi nimewaandikia halmashauri kwamba sitahudhuria. Ada haitarudi, na nikiutaka tena itabidi nianze upya, na huenda nisipewe. Niliipeleka barua posta mwenyewe. Naogopa, Shangazi. Usidhani nimekuwa jasiri. Naogopa na nakwenda.

Maana lazima niende. Rukia amenieleza: siwezi kulalamika mahakamani kwamba nimekataliwa wakati sijawahi kwenda kuomba. Sharti nifike pale mezani, mimi na paspoti yangu, niseme nataka jina langu lirudi, na sheha aseme hapana mbele ya karani. Nikamuuliza, je, wakinikubali? Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Wakikukubali utapiga kura, dada! Kwani tunashtaki kwa kutafuta nini?"

Tiketi nimekata. Latifa alikuwa amekaa pembeni yangu nilipokata, amenuna, macho kwenye simu yake. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, Kiswahili ulichokuwa ukikicheka na ukikipenda: "Mama, wakisema hapana, mimi pia naweza kuenda kusema?" Nikamwambia yeye amezaliwa Mwingereza, kule hana daftari. Akasema, "Basi nitakubeba mkoba." Nilipata tabu kuiona skrini.

Kitabu chako cha Katiba nakichukua, na mafuta yake. Kanga ya kijani naichukua pia, nitajifunga siku ya kwenda mezani. Funguo nitaziacha hapa juu ya meza, na meza nimeifuta.

Kwaheri, mama yangu wa pili, kwaheri Asya binti babu yangu. Pumzika, yaliyobaki niachie. Nakuahidi mambo mawili. Hodi nitabisha, maana malezi yako siyatupi. Ila karani akishanyanyua kalamu yake, atakaloliandika ni hili: "Hodi wenyewe! Mwenyeji mwenzenu nimerudi." Na sheha akiinamisha macho aniambie amekalia kiti cha watu, sitamgombeza. Nitamuuliza hali ya mama yake, nimpe dawa zake, kisha nitamwomba hapana yake aniandikie.

Nakwenda kukataliwa, Shangazi. Nikikataliwa tu, kesi yako iko hai.

Mwanao,
Zuhura