Lipu Niliyopiga Juu ya Maneno Yako

Mzee Drani, mwalimu wangu,

Leo asubuhi hakimu alikuja mwenyewe hapa Koboko, kwenye ghala la Haji Juma, akaniambia nishike nyundo. Niliishika kwa mikono miwili, mimi uliyezoea kuniita mkono wa chuma. Acha nikueleze, maana uliondoka bila kuyajua.

Tangu tukuzike, mvua imenyesha sana na ukuta wa mbele wa ghala umepasuka. Ufa unapitisha kiganja. Haji amemshtaki mjane wako, anasema fundi marehemu alijenga vibaya, na anataka shamba lako la Ludara liuzwe ili jengo lirudiwe. Mji mzima umedaka neno hilo: "Ile iko kazi ya Drani." Nilisikia hata kwa wauza matofali, nikapita zangu. Naona haya kukuandikia hivyo.

Wakili wa Haji, aliyetoka Arua, alitikisa mkataba mahakamani. Kifungu kile unakijua: mabadiliko yoyote ya ramani yaandikwe, na pande zote mbili zitie sahihi. Ramani ina nguzo katikati ya mlango, jengo halina. Karatasi iko wapi? Wewe na karatasi wapi na wapi! Kila agizo uliliandika kwa penseli kwenye ukuta mtupu, mwenye jengo akatia sahihi palepale, ndipo tukapiga lipu juu yake. "Karatasi mchwa nakula," ulikuwa ukisema, "ukuta iko nakaa." Nilipomtazama mjane wako akilia, nikashindwa kuvumilia, nikasimama kumweleza hakimu. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alisema maandishi ni maandishi hata yakiwa ukutani, lakini lazima ayaone.

Lakini nilikuwa nimesema nusu tu.

Unakumbuka Haji alivyotaka nguzo itolewe ili lori lipite. Uliandika agizo lake, chini yake ukaongeza: "Nguzo isiguswe mpaka injinia aje. Ukuta utapasuka." Akatia sahihi kwa hasira. Kesho yake ukapelekwa hospitali Arua. Haji akanijia: "Mzee iko mgonjwa, wewe iko mzima. Toa hii kitu, ama nitatafuta fundi ingine." Niliitoa nguzo, Mzee. Niliogopa kukosa kazi. Nikayafunika maneno yako kwa lipu laini kabisa, kisha nikaja wodini nikakuambia kazi inakwenda vizuri. Ukanibariki.

Basi leo nikagonga. Lipu ikaanguka vipande vipande, mwandiko wako ukatokea, umeinama upande kama kawaida, na sahihi ya Haji chini yake. Hakimu akausoma kwa sauti. Haji akatazama viatu vyake. Mjane wako akanishika mkono, akanishukuru, maskini.

Hakimu akauliza nani aliyeandika. Nikasema ni mwalimu wangu.

"Na nani aliyefunika?"

Mjane wako alikuwa bado amenishika mkono. Nikasema, "Mimi."

Akauachia.

Sasa kesi ina jina langu. Wakili mmoja ameniambia kwamba fundi aliyeonywa akaendelea hawezi kujificha nyuma ya amri ya mwenye jengo. Naogopa hukumu, sikufichi.

Lala salama, Mzee wangu. Nguzo ile nitaisimamisha kwa mikono yangu, injinia akiwa pembeni. Nikimaliza ndipo nitakuja Ludara, kwenye kaburi lako. Kabla ya hapo sina uso wa kukutazama.

Binti yako wa ufundi,
Candiru