Jina Tulilomuita Debora

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa kambini Kashojwa tuko wazima, na mahindi imeota. Unauliza ujibu nini wenzako wa Mbarara wakikuita "mukimbizi" kama hauna jina ingine.

Nasikia haya kukujibu. Kule kwetu Kivu, Debora, binti wa wafugaji, alikuwa anatuletea maziwa. Tulikuwa tunakunywa, tunamurudishia kibuyu na maharagwe ndani, halafu akiisha kwenda tunasema: "Hawa bakuyakuya, batu ya kuja tu, barudi kwao." Alizaliwa pale pale, kama sisi.

Juzi nilimukuta kwenye bomba ya maji, amezeeka. Nilitaka kujificha. Akanishika mukono, akaambia bamama ya foleni: "Mumuache apite mbele. Huyu ni mutu ya kwetu."

Ukikuja, muulize yeye.

Koko yako