Udongo wa Unyamwezi Umekula Penisilini

Tabora, Jumatano, Machi 1956

Na siwezi hata kumkasirikia. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, na mtani hanuniwi.

Jana Nesi Mwanahawa aliingia maabara, akainyunyizia sahani yangu ya vijidudu udongo wa uani. "Nakuzika, Mnyamwezi!" Akatoka anacheka. Sahani yenyewe nilikuwa nimeitia penisilini katikati. Siku zote vijidudu hufa kuizunguka dawa, pakabaki duara tupu.

Leo duara halipo. Vijidudu vya udongo vimestawi, na vile vilivyotakiwa kufa vimejibanza kando, vizima kabisa. Daktari aliinama kutazama, akasahau kunigombeza. Akasema vijidudu vya udongo hutoa chachu inayoivunjavunja dawa.

Mwanahawa akadakia, "Wanyamwezi nyie! Mpaka udongo wenu unakula dawa za wagonjwa!"

Nilicheka, lakini hofu imeniingia. Penisilini imetufikia miaka michache tu iliyopita kwa treni. Udongo ulijifunza lini kuivunja? Na wale wanaokuja na vidonda vilivyojaa udongo, tutawatibu kwa...

Basi. Mchana nimechota kijiko cha udongo kwenye kopo la mrehani ambalo Mwanahawa alikuja nalo kutoka kwao. Mtani kumwibia mtani si wizi. Kesho nitaupima.

Kama mtu wa hospitali, naomba udongo wao usiwe na chachu hiyo. Kama Mnyamwezi, Mungu anisamehe, naomba uwe nayo kuushinda wetu.