Leo Haji Hakuanguka

Jumanne, baada ya Magharibi

Haji, mchukuzi wa bandarini, ni mgeni katika darasa langu la judo. Nilimwita mkekani niwaonyeshe wenzake kwamba ufundi hushinda nguvu. Nilimkamata sawasawa, nikageuka, nikavuta. Hakutikisika. Alinilaza chini, akanibana kifua, nikashindwa kujinasua.

"Nnakuumiza, mwalimu?" aliuliza kwa upole.

Wengine wote huanguka ninapowatupa. Baada ya mazoezi nilimwuliza Salma, ambaye nimemfundisha miaka tisa: "Mimi hukuangusha, au wewe hujiangusha mwenyewe?"

Aliinamisha kichwa. "Mwalimu, wewe mkubwa wetu."

Jumamosi Salma atashindana, katika pambano lisilogawa watu kwa uzito, na mwanamke anayemzidi sana. Jina lake nimeshalipeleka kwa waandaaji, na sijui nimemfundisha nini.