Kinyozi wa Kila Jumatano

Mwaka mzima umekwisha kuzunguka, Baba, tangu utuachie duka lenye viti viwili na wateja wasiokubali kuguswa kichwa na mtu mwingine.

Tunakukumbuka kwanza kwa maneno yako, maana mkono wako haukujua kwenda bila mdomo. Mwenye kipara alipoketi, ulimfunga taulo shingoni kwa heshima zote, ukamzunguka mara mbili, kisha ukamwuliza kama angependa zipunguzwe au zitafutwe. Mama anasema aliikubali posa yako kwa sababu ya kicheko, na mpaka leo hajui amshitaki nani.

Kila Jumatano, baada ya chakula cha mchana, ulifunga duka hata kama foleni ilifika barazani. Ulitia vifaa katika mkoba wa ngozi, ukaenda hospitalini, wodi ya wanaume, kuwanyoa wagonjwa: wanaoweza kuketi, kwenye kiti ulichokiweka konani mwa wodi, wasioweza, palepale kitandani. Ulifanya hivyo miaka kumi na tisa. Ulipoulizwa sababu, ulijibu tu kwamba mgonjwa asiyenyolewa huonekana mgonjwa mara mbili.

Wala hukuwa mtu wa ibada. Tunaliandika hilo wazi kwa kuwa wewe mwenyewe ulilisema wazi. Siku ya ibada ulitupigia pasi nguo, ukatusindikiza hadi mlangoni, ukarudi kusoma gazeti. Hukumcheka aliyeamini. Mteja akianza kusali kitini, ulizima redio na kuuinua wembe juu mpaka amalize. Ila ulisema sauti wanayoisikia wenzako wewe hujaisikia, na hutaki kujifanya umeisikia.

Jambo hili lilimsumbua mwanao wa kwanza kuliko sisi wote. Alikulia bwenini tangu umri wa miaka kumi na miwili, mahali ambapo kengele iliamua kila kitu, shuka lilitandikwa likanyooka kama karatasi, na sala iliutangulia uji na kuufuata uji. Anaishukuru shule ile hadi leo, na viatu vyake ndivyo ving'aavyo kuliko vyote katika ukoo. Huko alifundishwa kwamba kila tendo jema lina chimbuko, na chimbuko ni Mungu. Aliporudi likizoni akakuona ukitoka na mkoba wako, hakujua akuweke katika fungu gani.

Siku moja, akiwa amekwisha kuwa mkaguzi wa mizani, mtu mzima mwenye ofisi yake, alikwambia dukani, mbele ya wateja wanne, kwamba huruma isiyotoka kwa Mungu ni hulka tu, kama mtu kupenda sukari: leo ipo, kesho haipo, na haiwezi kuhesabiwa kuwa wema. Wewe ulipangusa wembe.

"Inawezekana," ulisema. "Lakini, mwanangu, yule mzee wa kitanda cha sita ndevu zinamwasha leo. Nimwambie angoje mpaka niamini?"

Wateja waliangua kicheko. Mwanao alitoka na hasira zake, na hakurudi kukuomba radhi, kwa kuwa kanuni zake hazikumwambia kwamba amekosa. Ulipougua ukalazwa katika wodi ileile, alikujia kila jioni, akakusihi useme walau sala fupi. Ulimshika mkono.

"Nikiisema sasa nitakuwa nakufurahisha wewe, baba," ulimwambia. "Na huko shuleni walikufundisha usiseme uongo."

Siku ya tatu ukatutoka. Radhi ikabaki haijaombwa, na hiyo ndiyo iliyomnyima mwanao raha tangu siku ile.

Muuguzi mkuu alipokuja kutupa pole alitueleza kwamba kona yako ya wodini imetakiwa kwa ajili ya kabati la shuka. Akipatikana mtu wa kuishika Jumatano zako, kona itabaki. Asipopatikana, mwisho wa mwezi kiti kitaondolewa. Kabla hajamaliza, mwanao alikuwa amesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa jina, akasema atakwenda yeye. Ulimfundisha kunyoa wakati wa likizo, na mkono wake si mbaya. Hata hivyo sisi tulijua alichokibeba moyoni: alikusudia kuipa kazi yako chimbuko ambalo, kwa maoni yake, ililikosa.

Basi kila kidevu akakianza kwa sala. Si sala fupi, Baba. Ni sala ya bwenini, yenye mwanzo, kati na mwisho. Jumatano ya kwanza aliwanyoa watu watatu kati ya kumi na mmoja. Jumatano ya pili, wagonjwa ambao hawakuwa wamepata lepe la usingizi wiki nzima walilala fofofo mara tu mkoba ulipotokeza mlangoni. Dereva mmoja mstaafu, aliyekwisha kupakwa povu mashavu yote mawili, alivumilia hadi likaanza kubanduka.

"Bwana mdogo," akamwambia, "Mungu amekwisha kusikia. Sasa nisikie na mimi: povu linakauka."

Binti yako aliposimuliwa habari hiyo alicheka mpaka akaketi sakafuni, akamwuliza kaka yake kama anawanyoa watu au anawahukumu. Kaka mtu hakucheka. Muuguzi mkuu, mwanamke mcha Mungu kuliko wengi wetu, alikuwa amekwisha kumwambia kwa upole kwamba kabati limefika, lipo koridoni, na kwamba haoni mgonjwa akienda konani.

Jumatano ya mwisho wa mwezi alikuta fundi mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Taya lilikuwa limevimba, ndevu za siku nyingi zimeshikana na dawa, naye amegeukia ukuta. Mwanao akafumba macho aanze. Fundi, bila kugeuka, akasema kwamba alipata kulazwa humo zamani kwa ajili ya mguu, akanyolewa na wewe.

"Baba yako alikuwa anauliza kwanza," akasema.

"Anauliza nini?"

"Wapi nisikuguse?"

Miaka kumi na tisa, Baba, na hukutuambia hata siku moja kwamba ndivyo ulivyoanza kazi yako. Mwanao alisimama na brashi mkononi, maji yakimdondokea kwenye vile viatu, akipitisha mawazoni nyuso zote alizozisalia mwezi ule. Hakuwa amemwuliza hata mmoja wao lolote.

Akamwuliza fundi. Fundi akageuka taratibu, akamwonyesha kwa kidole: hapa, na hapa, na hapa chini ya sikio. Kazi ilichukua karibu saa nzima. Ilipokwisha, fundi alijitazama kiooni upande huu na upande ule, akasema amenyolewa mno, sasa anafanana na mkandarasi na mafundi wenzake watamdai mishahara. Wodi ilicheka. Mtu wa kitanda cha pili, aliyekuwa amelala fofofo, akafunua shuka akauliza zamu ni ya nani. Walinyolewa tisa siku hiyo. Kabati likapelekwa wodi ya wanawake, ambako tunaambiwa lilipokewa kwa vigelegele.

Mwanao hajaacha kusali, wala hataacha. Husali koridoni kabla ya kuingia, na anasema hapo ndipo anapopata nguvu ya kuinama kwa muda wa saa tatu. Muuguzi mkuu naye hukiri kwamba bila imani yake angekuwa amekwisha kuikimbia kazi ile. Wewe uliinama miaka yote bila msaada huo, na hakuna kidevu kilichoijua tofauti. Nguvu zako ulizichota wapi, hatujui, na hatutajifanya tunajua. Katika rasimu ya tangazo hili mwanao alikuwa ameandika kwamba ulikuwa mja mwaminifu. Ameyafuta maneno hayo mwenyewe, kwa rula, kwa mstari mmoja ulionyooka.

Mahali pake ametaka tuchapishe haya, na anawaomba wale wateja wanne wayasome: kwamba siku ile dukani alikosea, kwamba huruma yako ilikuwa wema kamili, usiopungukiwa na kitu, na kwamba anakuomba radhi, kwa kuchelewa, mbele ya watu, kama alivyokukosea mbele ya watu.

Unakumbukwa na mkeo. Mwanao wa kwanza na familia yake. Binti yako na mumewe. Mdogo wako fundi bomba, aliyeapa kutonyolewa na mwingine na sasa anawatisha majirani. Wajukuu zako watatu. Pamoja na wagonjwa na wauguzi wa wodi ya wanaume.

Hatutachoka kukukumbuka, Baba, maisha yetu yote.