Mzee Libérat Amekunywa Zoezi Lake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba uharakishe, maana leo Ijumaa asubuhi Mama Claudette, msimamizi wa mafunzo yetu ya kutunza wagonjwa wa kupumua, ametangaza mbele ya wenzangu kwamba fishi za wagonjwa wangu, zile kadi tunazoandika maendeleo yao, ndizo nzuri kuliko zote, na kwamba Alhamisi ya juma lijalo mimi ndiye nitakayemwonyesha daktari mgeni wa mapafu jinsi Mzee Libérat anavyofanya zoezi la kupuliza, na wenzangu wakapiga makofi, na mimi nikabaki naangalia viatu vyangu.

Nina miaka ishirini na nne, ni muuguzi, na tuko wanne tunaofundishwa hapa Uvira kwa miezi sita, kuweka oksijeni, kutoa makohozi kwa mashine, kugonga mgongo, kumfundisha mgonjwa kupumua upya, na mwishoni wawili kati yetu watabaki kuendesha chumba kipya cha oksijeni, na kazi hiyo naitaka kuliko kitu chochote, tangu siku nilipoona mtoto mwenye midomo ya rangi ya majivu akirudi kuwa mtoto ndani ya dakika nne.

Zoezi lenyewe ni hili: chupa inatiwa maji nusu, mgonjwa anapuliza polepole kwa mrija mpaka maji yatoe mapovu, na pumzi hiyo inafungua mapafu na kusukuma makohozi, lakini mirija ya plastiki ilikuwa imeisha, na mimi mtoto wa Lubarika nikajiona mwenye akili, nikanunua sokoni mirija ya matete, ile kwetu tunayoita umuheha, ambayo watu wanazunguka nayo chungu kimoja cha pombe ya mtama, nikaichemsha vizuri, nikampa Mzee Libérat wa Nyakabere, ambaye ni rika la babu yangu, nikamwambia apulize.

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Weye binti, uko mutoto wa wapi?"

"Wa Lubarika, babu."

"Na wazazi wako iko wazima? Muntu akipulizia mu chungu, wenzake watakunywa nini?"

Na kwetu ni kweli, anayepulizia chungu haitwi tena penye watu, na mimi nilishindwa kumwamrisha mzee afanye jambo ambalo mama yangu angenichapa kwalo, basi nikamwachia chupa, nikaenda kitanda cha jirani, kwa Mzee Rugema, mfugaji wa milimani juu, na yeye alipoona tete akaficha mikono chini ya blanketi.

"Minye niko muntu wa kanisa, mwanangu. Kama iko maziwa, leta kikombe."

Niliporudi, chupa ya Mzee Libérat ilikuwa tupu.

"Imeisha," akasema. "Haina ladha, lakini iko baridi muzuri. Leta ingine."

Na hapo ndipo nilipoharibu, maana nikaandika kwenye fishi yake, "Mara kumi, vizuri," na kesho yake akanywa tena nikaandika tena, na siku ya tatu vilevile, na Mzee Rugema ambaye hakugusa hata mrija nikamwandikia mara nane, ili wasifanane sana. Nikisema ukweli nitafukuzwa, nikinyamaza Mzee Libérat atamaliza chupa mbele ya daktari. Nifanye nini?

Ninahazwe, Uvira

JIBU

Ninahazwe, nimecheka, kisha nikaacha. Acha na wewe.

"Mara kumi, vizuri" ni neno ambalo muuguzi wa zamu inayofuata analitegemea. Akisoma kwamba mapafu yanafanya kazi, anaweza kupunguza oksijeni. Mapafu ya Mzee Libérat hayajafanya zoezi hata mara moja kwa siku tatu. Kilichofanya kazi ni koo lake. Na zile mara nane za Mzee Rugema ulizitunga ukiwa umesimama mbele yake. Kwa hilo sikuonei huruma.

Kwa mrija, ndiyo, nakuonea. Nimempigia simu Mama Apolline, muuguzi mstaafu aliyehudumia wagonjwa wa kifua kwa miaka ishirini na moja, kuanzia Kamanyola mpaka huku ziwani. Amecheka mpaka akakohoa. "Kwangu walikunywa watano siku moja," amesema, "na mumoja akamwita shemeji yake aje wasaidiane." Tofauti yenu ni moja: yeye aliandika kwamba wamekunywa.

Mzee Libérat hakukataa kupuliza. Alikataa kuwaharibia wenzake, na hakuna aliyemwambia kwamba chupa ile haina wenzake. Andika jina lake juu yake kwa herufi kubwa, na umwambie, wodi nzima ikisikia, kwamba hakuna atakayekunywa baada yake na maji yatamwagwa. Tete liondoe. Omba kipande kipya cha mpira wa seramu, ule wa dripu. Hakuna aliyewahi kunywea pombe kwa kitu hicho, na sijasikia kanisa lililokikataza. Kabla ya chupa, kila mmoja apulize kiganja chake, midomo imebanwa, taratibu, kama anayefufua kaa la moto bila kurusha majivu. Akishaweza, ndipo umpe chupa. Ukae hapo mpaka amalize, na kuhesabu uhesabu wewe. Kuna mtu atakushauri utie sabuni majini ili yasinyweke. Usithubutu: mzee akisahau na kuvuta, utakuwa na ugonjwa wa pili kitandani.

Kama Mama Claudette atakubakiza, sijui, na sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba ukiingia chumba cha oksijeni na tabia hii, siku moja atakufa mtu ambaye kwenye fishi anaendelea vizuri. Usimwambie kwamba wazee walikuwa wagumu. Mwambie, "Niliandika nisichokiona." Maneno mawili, halafu unyamaze na kumsikiliza. Mistari ya uongo usiifute; ipige mstari mmoja ili iendelee kusomeka, andika kilichotokea, tia tarehe na sahihi.

Majina nimeyabadilisha yote, hata la kwako, lakini wodi yenu itajitambua kabla ya kufika mwisho wa barua. Gazeti linatoka Jumanne mchana. Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumamosi, saa nne asubuhi. Muuguzi aliye zamu mpigie sasa hivi, kabla hajagusa oksijeni ya mtu. Mama Claudette anarudi kazini Jumatatu: saa moja na nusu asubuhi, kabla hajaanza kuzunguka vitanda, uwe mlangoni kwake na fishi zote mbili.