Chuku ya Somoe

Jumatatu, 6 Oktoba

Insha arobaini na tatu za Kidato cha Pili. "Siku Nisiyoisahau." Niliwapa orodha ya tashbihi wakariri, wakaimwaga yote. Kila mmoja kakutana na kitu cheupe kama theluji. Theluji Mtwara. Mimi mwenyewe nimezaliwa Njombe kwenye baridi na sijaiona. Vichwa vizito hivi.

Jumanne, 7 Oktoba

Insha ya Somoe, yule wa dawati la nyuma. Haina tashbihi hata moja. Mama yake anabangua korosho. Walikwenda wote wawili mtaa wa Chikongola kumsajilia mama laini ya simu, mashine ikamkataa mara nne kwa sababu vidole vyake havina alama. Watu kwenye foleni wakacheka. Mama na binti wakarudi nyumbani bila laini.

Vidole visivyo na alama. Binadamu gani huyo? Nimeandika kwa kalamu nyekundu: Chuku. Imezidi mno. Nne kwa ishirini.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeisoma mbele ya darasa waone chuku mbovu inavyokuwa. Nikacheka. Wao hawakucheka. Hata kucheka lazima wafundishwe. Somoe aliinama mpaka kengele.

Jumatatu, 13 Oktoba

Somoe hajaonekana tangu Alhamisi. Mkuu wa shule anataka mzazi aje aweke ahadi ya mahudhurio kwa maandishi, la sivyo jina linafutwa kwenye rejesta. Kazi kanitupia mimi. Nimeshampelekea mama ujumbe kupitia mwanafunzi jirani yao. Msimu wa korosho huu, binti atakuwa shambani anaokota. Kila msimu una kisingizio chake.

Jumatano, 15 Oktoba

Mama Somoe amekuja. Hajui kuandika. Nikamsogezea pedi ya wino, akabonyeza dole gumba kwenye fomu.

Doa. Bila mstari hata mmoja.

Nikadhani wino umezidi. Nikamfuta kidole, nikakishika mwenyewe. Ngozi imeliwa na mafuta ya maganda ya korosho, nyeusi, inateleza. Akajaribu cha kushoto. Doa jingine.

"Ntoto wangu hakuongopa, mwalimu," alisema, bila hasira. "Anaona haya kurudi."

Miaka sita niko hapa. Nakula korosho kila siku, sijawahi kuuliza nani anazibangua. Mjinga wa shule hii ni mimi. Nimemwomba radhi, nikaipokea fomu na madoa yake. Mkuu akiikataa tutagombana.

Ijumaa, 17 Oktoba

Somoe amerudi. Nilikata ile nne, nikaandika kumi na nane, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Akasema ahsante mwalimu. Daftari hakulifungua aone alama.

Nikawapa insha nyingine, ya safari. Yake ina kurasa mbili. Tashbihi sita kutoka kwenye orodha yangu, zote sahihi, kila moja mahali pake. Mama yake hayumo. Hayumo mtu yeyote.

Nimeisoma mara mbili. Sijaipa alama.